Kitanda cha Mbele, Nyuma ya Jiko

Mei 4

Leo tumeishusha *Ebba* majini. Chama cha mashua kilikodi kreni siku nzima, na gatini kila mtu alikuwa na kofia ya plastiki na kila mtu alijua kuliko mwenzake. Shemeji yangu Sixten, mwenyekiti wa kamati ya gati, alishika kipaza sauti ingawa mwendesha kreni alikuwa karibu kiasi cha kumnong'oneza. Mume wangu Yngve alishika kamba ya mbele. Birgit, mke wa Sixten, alishika sahani ya mikate ya mdalasini. Mimi nilikuwa chini kabisa, tope magotini, nikikaza bomba la moshi la injini nililolikunja mwenyewe kwenye karakana yangu. Boti ikagusa maji bila kuvuja hata tone. Sixten akampongeza Yngve.

Boti ni ya ndugu hawa wawili. Baba yao aliwaachia kwa sharti kwamba isigawanywe. Kuhusu wake zao hakuandika kitu. Kwa hiyo kila Julai, wiki nne nzima, watu wazima wanne tunaishi ndani ya mita nane na nusu za mbao. Wanaume wanalala sebuleni karibu na mlango, ati waamke nanga ikiteleza. Wanawake tunalala mbele, puani mwa boti. Ndivyo mzee alivyopanga, na mzee amekufa siku nyingi.

Mei 11

Nimepima. Kutoka kwenye mto ninaolalia hadi mlangoni ni mita tatu na sentimita themanini. Jiko la spiriti liko katikati, mahali ambapo njia ina sentimita hamsini na mbili tu. Juu ya kitanda kuna dirisha la paa, ambalo lingetosha mtu kupita, lakini Sixten hulifunika kwa kidau cha makasia, kifudifudi, kamba nne. Jiko likishika moto, mimi na Birgit tuko ndani ya chupa, na moto ndio kizibo.

Mtungi wa kuzimia moto upo, tena mwekundu kweli. Uko nyuma kabisa, kwenye sanduku la kamba, chini ya maboya, chini ya nanga ya akiba.

Mei 12

Nimekwenda kwa Sixten na mtungi wenyewe mkononi.

"Shemeji, sindano ya presha iko kwenye kijani. Unataka nini zaidi?"

"Iko kwenye kijani tangu lini?"

"Tangu siku tuliyonunua!"

Nikaugeuza kichwa chini, nikaweka sikio.

"Unasikiliza nini, taarifa ya habari?"

"Unga. Mtungi mzima ukiugeuza, unga wake unahama, unausikia. Huu umegandamana. Presha ipo, lakini kitakachotoka ni pumzi tu."

"Gunnel, wewe kwenye karakana yako umezoea cheche, basi unaona kila kitu kinawaka. Baba alikuwa na ndoo. Miaka thelathini, ndoo moja."

"Baba yenu hakulala mbele."

Yngve akatazama viatu vyake. Birgit hakuinua macho kwenye fumbo lake la maneno la gazetini. Nilimwona kama mwangwi wa mumewe, tena mwangwi uliochoka.

Mei 25

Nimekwenda dukani kuchagua mtungi mpya. Muuzaji, mama mmoja mwenye miwani kwenye kamba, hakuniuliza nataka rangi gani. Aliniuliza nalala wapi.

Wa hewa ya kaboni hauchafui kitu, lakini kwenye chumba kidogo hewa ile inauzima moto na inakuzima na wewe. Wa povu ni mzuri kwa magodoro, ila *Ebba* inakaa nje majira yote ya baridi, na povu likiganda halifai tena. Wa unga unazima karibu kila kitu: petroli, spiriti, godoro, nguo. Na unachafua kila kitu.

"Ukiupuliza ndani hutaona mkono wako," akasema. "Vuta pumzi kabla, uizuie, elekeza chini kwenye shina la moto, si kwenye ndimi zake. Wa kilo mbili utakupa sekunde kama nane. Wa kilo moja, sita."

"Sita ni kidogo."

"Ni kidogo mno. Lakini ulio karibu na mkono unashinda ulio mbali."

Nimechukua yote miwili, na blanketi la moto. Wa kilo mbili wa mlangoni, wa kilo moja wa kitandani kwangu.

Juni 2

Nimeufunga mdogo ukutani mbele. Skrubu nne za shaba, mstari ulionyooka, kazi safi. Yngve alishika taa. "Umependeza," alisema, kama vile nimetundika picha.

Juni 9

Sixten ameona.

Sijawahi kumsikia akipiga kelele kwa sauti ndogo namna ile. "Matundu manne. Matundu manne kwenye mahogani ya baba." Alisema hivyo mara nyingi, akipapasa ukuta kama daktari anayetafuta uvimbe. Akaufungua mtungi, akajaza matundu nta. Wa kilo mbili akauweka mwenyewe kwenye sanduku la kamba, "mahali pake pa siku zote." Blanketi la moto akalikunja chini ya meza ya ramani, halafu akaweka ramani juu yake.

"Boti moja, mtungi mmoja," akaniambia. "Miwili ni woga. Huo mwingine urudishe dukani."

Jioni, tukiwa nyumbani, nikamuuliza Yngve kama nusu ya mahogani ile si yake.

"Ni yangu. Lakini unamjua Sixten."

Namjua. Nimeanza kujiuliza kama namjua Yngve. Mimi nilianza biashara kwenye chumba cha chini cha kukodi, mkasi wa bati mmoja na baiskeli. Leo nina mafundi tisa, na hakuna hata mmoja anayepanda paa la mteja bila kamba, kwa sababu nimesema. Kwenye boti neno langu halijazi hata kiberiti.

Juni 16

Kamati ya gati imekagua boti zote kwa usalama. *Ebba* ilikaguliwa na mwenyekiti mwenyewe. Imepita. Kibandiko kiko kiooni.

Juni 21

Mkesha wa sikukuu ya katikati ya kiangazi. Tumecheza kuzunguka nguzo ya maua, miavuli juu. Samaki wa siki, viazi vichanga, mvua.

Julai 6

Tumeondoka. Mtungi mdogo haujarudi dukani. Uko ndani ya mfuko wangu wa kulalia, umefungwa kwenye sweta. Nalala nao kama mzazi aliyetoka kujifungua.

Julai 7

Mvua.

Julai 8

Mvua. Karata. Sixten kashinda.

Julai 9

Mvua. Sixten kashinda. Turubai la nyuma limefungwa vifungo vyote, na vifungo viko nje. Nimehesabu eneo tunaloweza kukaa tukiwa tumeamka: mita nne za mraba, watu wanne. Nguruwe wa jirani yetu kule bara wanajinafasi kuliko sisi.

Julai 10

Mvua. Tumefunga pua ya boti kwenye mwamba wa kisiwa kile kile, maana Sixten anasema upepo utageuka. Hakuna aliyeruhusiwa kuondoa kidau juu ya dirisha, "kitajaa maji." Moshi wa jiko, soksi mbichi, pumzi. Birgit anajaza mafumbo yake. Yngve anamuuliza kaka yake kama anaweza kufungua mlango kidogo. Ana miaka hamsini na minne.

Jana usiku mguu wa Birgit ukagusa mfuko wangu.

"Gunnel, una kitu baridi humo."

"Chupa ya maji."

Akaugusa tena kwa mguu. "Ni nzito kwa chupa ya maji," akasema, kisha akageukia upande wake.

Asubuhi nilingoja Sixten aje kudai. Hakuja. Kumbe mwangwi una mlango wake na unaweza kuufunga.

Julai 12

Mvua. Sixten kashinda.

Julai 14

Nataka niandike kabla hawajakubaliana ilivyokuwa.

Jua lilitoka mchana, kwa mara ya kwanza tangu tuondoke. Lilikuwa kali, likaingia kwa mlango na madirisha yote, hata mavumbi yakaonekana. Birgit akasema tukaogelee. Tukaenda mbele kubadilisha nguo, tukafunga pazia. Saa tisa ndiyo saa ya kahawa ya Sixten. Hata dunia ipinduke, saa tisa birika liko jikoni. Na jiko haruhusiwi mtu mwingine kuligusa.

Nilimsikia akisema, "Limezimika hili. Na kahawa haijachemka."

Yngve akajibu kutoka nje, "Ongeza spiriti basi."

Mwali wa spiriti kwenye jua kali hauonekani. Kila mtu mwenye boti nchi hii anajua. Unatoa kikopo cha jiko, unangoja kipoe, unajazia nje. Sixten anawahubiria hivyo wanachama wapya kila majira ya kuchipua. Lakini ilikuwa imeshapita saa tisa. Nilisikia kizibo cha chupa kikifunguka.

Halafu sauti kama shuka linalokung'utwa.

Nilipovuta pazia, mkono wa Sixten ulikuwa unawaka hadi kwenye kiwiko, naye anautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. Yngve alimkamata kwa nyuma ya mkanda, akamtoa nje, akautumbukiza mkono wake kwenye ndoo. Hapo Yngve alifanya upesi na vizuri, lazima nikiri. Lakini chupa ilikuwa imeanguka, na spiriti ikatiririka sakafuni ikiwa imebeba moto wake, mwembamba, wa buluu pale kivulini, ikaja upande wetu. Kochi likashika. Pazia la dirisha likashika. Mlango, ule ulio mita tatu na sentimita themanini kutoka kwenye mto wangu, haukuwepo tena.

Nilikuwa na vazi la kuogelea na mguu mmoja una kiatu. Nikatia mkono kwenye mfuko wa kulalia, nikautoa mtungi kwenye sweta, nikavuta pini. Nilivuta pumzi, nikaizuia, kama nilivyoambiwa. Nikaelekeza chini, kulia, kushoto, kulia.

Sekunde sita ni fupi kuliko zinavyosikika dukani.

Jikoni pakazimika. Sakafu ikazimika. Kila kitu kikawa cheupe, sioni mkono, nimevuta pumzi bila kutaka na koo likajaa unga. Ndipo nikaona wekundu ndani ya weupe ule: kochi lilikuwa bado linawaka kwa ndani, na moto ukaanza kurudi kwenye spiriti iliyobaki. Mtungi ukatoa mluzi, ukanyamaza.

Birgit alikuwa amepiga magoti kitandani, analisukuma dirisha la paa kwa mabega. Lilifunguka upana wa kiganja, likagonga kidau, likakwama. Akaweka mdomo kwenye upenyo ule akavuta hewa. Kisha akanishika kisogoni, akanivuta, akaweka mdomo wangu pale pale. Tukapokezana hivyo, zamu yako, zamu yangu, bila neno.

Katika zamu yake moja nikatazama nyuma, na moshi ukapasuka kidogo. Yngve alikuwa mlangoni. Ule wa kilo mbili ulikuwa mikononi mwake. Alikuwa amefukua sanduku lote la kamba kuupata. Alikuwa ameuelekeza kwenye kochi sawasawa. Pini ilikuwa bado mahali pake. Na uso wake ulikuwa umegeukia nje.

"Sixten! Niupulize? Utaharibu mbao zote!"

Na nikamsikia Sixten, meno yakigongana kwa maumivu, "Ngoja. Ngoja kwanza, labda ndoo..."

Naye akangoja.

Sijui ni muda gani. Kwa mara ya kwanza maishani sikuhesabu.

Sauti iliyotoka nyuma ya sikio langu sikuijua. Sijawahi kumsikia Birgit akiomba hata chumvi kwa nguvu. "Yngve! Tumo humu sisi! Vuta pini!"

Akavuta.

Tukatoka kwa magoti juu ya yale yote, weupe kichwani hadi miguuni kama waokaji mikate waliovamiwa, tukakaa mwambani tukakohoa. Watu wa boti ya jirani walikuja mbio na chupa ya kahawa. Sixten alinyoosha shingo akatazama ndani.

"Angalieni mbao," akasema.

Julai 15

Unga umeingia kila mahali: kwenye droo, kwenye injini, kwenye sukari. Ukipata unyevu unakula chuma, kwa hiyo lazima uoshwe leo, si kesho. Sixten amefungwa bendeji kituo cha afya cha kisiwani. Atapona, atabaki na kovu. Amewapigia watu wa chama. "Moto mdogo. Tuliudhibiti." Nilikuwa nimeshika ndoo ya maji machafu, nikafikiria, nikaimwaga baharini.

Yngve alinifuata mwambani.

"Nilikuwa nahakikisha tu."

"Ulikuwa unahakikisha nini?"

"Kama kuna njia nyingine. Unga ule... unajua unavyofanya kwenye vanishi."

"Yngve, ulituona?"

"Nilijua mpo."

"Sikukuuliza hivyo."

"Kulikuwa na moshi."

Ndilo jibu alilonalo. Nimelizungusha siku nzima nikitafuta upande wake mzuri. Si mtu mbaya. Angenitolea figo leo hii kama Sixten angesema ni wazo zuri.

Julai 16

Tumefua mapazia, mimi na Birgit, kwenye maji ya chumvi maana hakuna mengine. Alikuwa anakamua kwa nguvu isiyo ya lazima.

"Nimelala pale miaka kumi na tisa," akasema. "Miguu kwenye dirisha. Nilijiambia moto ukija nitalipiga teke."

"Na kidau kiko juu?"

"Ndiyo. Ukishajidanganya, unamalizia kabisa."

"Kwa nini hukusema, Birgit? Mwezi wa tano nilisimama pale peke yangu kama mti, wewe unatafuta neno la herufi saba."

"Mimi nilisema. Mwaka wa kwanza." Akatundika pazia kwenye kichaka. "Alinijibu vizuri sana. Alicheka, akanibusu kwenye paji la uso. Mwaka wa pili nikanunua mafumbo."

Miaka yote nilimhesabu upande wa pili.

Julai 17

Meli ya abiria, saa nne asubuhi, mimi na Birgit na mifuko miwili. Sixten alisema boti haiwezi kuachwa. Yngve akabaki naye. Alisimama gatini akapunga mkono mpaka kona, na mimi nilikaa upande wa pili wa meli.

Julai 25

Yngve amerudi. Amenunua maua.

Agosti 17

Sherehe ya kula kamba wa mtoni chamani, kofia za karatasi, nyimbo. Sixten kasimulia moto mara mbili. Mara ya pili ulikuwa mdogo zaidi, na yeye alikuwa karibu zaidi.

Septemba 1

Yngve analala vibaya. Jana usiku alikaa kitandani akauliza gizani, "Ulikuwa unanitazama?" Nikasema ndiyo. Hakulala tena, wala mimi.

Septemba 28

Siku ya kupandisha boti. Kreni, kofia za plastiki, kipaza sauti. Birgit hakuja. Mikate ya mdalasini ilinunuliwa dukani, migumu.

Kabla *Ebba* haijainuliwa Sixten alinishika kiwiko. "Njoo, shemeji. Kuna kitu." Akanitanguliza ndani. Kochi jipya, vanishi mpya. Mlangoni, upande wa kulia, mtungi wa kilo mbili. Kando ya jiko, blanketi la moto, wazi, linang'olewa kwa mkono mmoja. Na mbele, juu ya mto wangu, mtungi mwingine wa kilo mbili kwenye kishikio cha shaba kilichosuguliwa. Kidau kimehamishiwa nyuma, kwenye vyuma viwili. Dirisha la paa linafunguka mpaka mwisho.

"Haya. Umeshinda," akasema. "Na kamati imepitisha iwe kanuni ya chama kizima. Nimeiandika mwenyewe."

Nilikagua kila kitu. Nilitafuta kosa, na nilitaka sana kulipata. Nikageuza mtungi wa mbele kichwa chini: unga ukahama vizuri, laini. Hapakuwa na kosa. Nikakaa kwenye kile kitanda, nikatazama mlangoni, na nikajua kwamba sitalala pale tena, hata wakijaza mitungi kuta zote mbili.

Nilimkuta Yngve kwenye kamba ya mbele.

"Umeona?" akasema. Alikuwa na furaha, maskini. "Kila kitu ulichotaka. Sasa yameisha."

"Julai siji, Yngve. Si Julai ijayo, si nyingine. Sasa hivi naenda nyumbani, na ningependa uje."

"Sasa hivi? Boti iko hewani nusu."

"Ndiyo."

Akatazama kamba. Akatazama juu, *Ebba* inaning'inia inachuruzika maji. "Nitamwambiaje Sixten?"

Nilipita katikati ya boti zilizokwisha kupandishwa, nikaingia kwenye gari la karakana upande wa usukani, nikawasha injini. Nyuma yangu kipaza sauti kiliita, "Kamba ya mbele! Yngve! Kamba ya mbele!"

Sikuwa nimemuwekea muda. Nilishaingiza gia mlango wa pili ulipofunguka. Aliketi, buti zimejaa tope, kofia ya plastiki bado kichwani, akihema.

"Kamba umempa nani?"

"Kijana wa kreni."

"Na Sixten umemwambiaje?"

Akafunga mkanda. Ulimsumbua, akarudia. "Sijamwambia kitu," akasema. "Nimeondoka tu."

Kabla hatujafika barabara kuu simu yake ikalia. Aliitoa mfukoni, akaitazama mpaka ikanyamaza. Ikalia tena. Akailaza kifudifudi juu ya goti, akaifunika kwa kiganja, na tukapita msitu wote ule ikitetemeka chini ya mkono wake.